Waifai ya nyumbani hapa Lamu, miezi minane sasa: spidi nzuri, yaliyoingia nayo ndio shida

Watu wengi mumeniuliza juu ya hii waifai tuliyoweka nyumbani, wengine mwanisimamisha hata sokoni nikiwa na kapu la samaki mkononi, basi leo naandika yote mara moja. Kampuni sitaitaja, manake nusu ya malalamiko yangu si yao peke yao na sitaki maneno na mtu. Ni wale wa kulipa 2,500 kwa mwezi, mnawajua.

Kuweka kwenyewe kulichukua siku mbili badala ya moja. Nyumba yetu ni ya Mkomani, ya kizamani, kuta za mawe ya matumbawe nene kama godoro la kulalia watu wawili, na yule fundi alikuwa kijana wa bara hajawahi kutoboa ukuta kama huu, drili ikalia mpaka majirani wakatoka. Kisha akapita na waya juu ya dari akamwangushia mavyaa wangu chungu cha kirihani. Aliomba radhi kwa adabu, hilo nampa. Mwisho rauta ikakaa kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, pale msanani, yaani ukumbini, kile ambacho marehemu babake mume wangu alikuwa akiweka saa na misahafu, sasa kina taa za kijani zinakonyeza usiku kucha.

Spidi iko sawa. Waliahidi Mbps kumi, mara nyingi nikipima napata nane, tisa, jioni inashuka kidogo watu wakirudi majumbani, na stima ikipotea basi na yenyewe imekwenda, hapo si kosa lao. Mara mbili ilikatika zaidi ya siku nzima, mara ya kwanza walinirudishia siku kwa bili, mara ya pili mpaka leo naambiwa inashughulikiwa. Wahudumu wa simu wana heshima. Kwa hayo ningewapa nyota nne nikaenda zangu.

Sasa nije kwa lile nnalotaka kusema.

Kabla ya waifai nyumba hii ilikuwa na TV moja, iko msanani, ya dikoda, na rimoti yake imevishwa nailoni na mwenyewe ni mavyaa wangu, hakuna anayeigusa bila ruhusa. Saa moja usiku taarifa ya Kiswahili, wote tuko pale, mwenye kukata mchicha anakata, mwenye homuweki yuko chini kwa mkeka. Na mambo ya kutisha tumeyaona mengi tu kwa hiyo TV, msidhani nasema zamani kulikuwa na amani. Lakini angalia vile yanavyokuja. Kwanza mtangazaji anakuonya, mtazamaji baadhi ya picha utakazoziona zinaogofya, na hilo neno peke yake lilikuwa lamtosha mavyaa kuinua rimoti. Kisha picha yenyewe inakuja imefifishwa pale penye damu. Kisha kuna mtu anaeleza: hapa ni wapi, imetokea lini, polisi wamesema nini. Dakika mbili, tatu, yamekwisha, inakuja siasa, inakuja michezo, inakuja hali ya anga ya kesho, mtoto anauliza swali, babake anajibu au anamnyamazisha, tunakula. Hata sheria iko, kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku kinachoonyeshwa kiwe cha kutazamwa na familia. Stesheni zinavunja, najua, lakini angalau kuna kitu cha kuvunjwa.

Mfano ambao sisi wa pwani hatuusahau ni Shakahola, ule msitu wa Kilifi wa wafuasi wa mhubiri waliofungishwa mpaka kufa. Aprili 2023 walipoanza kufukua, sote tulikuwa mbele ya ile TV. Tuliona wale watu wa nguo nyeupe gubigubi, mchanga mwekundu, majembe, mifuko inabebwa watu wanne wanne, gari zinaelekea mochari ya Malindi. Miili ilipita 400 kabla hawajamaliza kuhesabu, na uso wa maiti hata mmoja sikuuona kwa TV. Mavyaa alilia. Mimi sikulala vizuri. Lakini nlilia na watu, mnanielewa? Tulikaa tukasema, tukawaombea, mtu akataja jamaa yake wa Malindi, tukampigia simu. Wakati huohuo kwa grupu moja la WhatsApp la wazazi, ndio la wazazi, mtu akafowadi picha za miili akasema ni za kulekule, hakusema kazipata wapi, wala nani kapiga, na mwengine akajibu kwa emoji ya kulia na mwengine akauliza kama kesho shule itafungwa mapema. Ile picha nliiona peke yangu, jikoni, kijiko mkononi, nilikuwa nataka kujua ada ya safari ya watoto. Hadi leo nikionja mchuzi pale pale nliposimama huja.

Hapo tulikuwa bado watu wa bando. Na hili ndilo fundi hakuniambia, na sidhani hata alikuwa anajua. Bando lilikuwa mlinzi wetu na sisi hatuna habari! Ukiwa kwa data ya simu, WhatsApp ilikuwa haishushi video mpaka uibonyeze, unaona kile kidude kimefifia na maneno MB ngapi, unajiuliza hii nitoe MB 14 zangu kwa ajili ya nini, unaipita. Umaskini wa bando ulikuwa unatuchujia. Siku tuliyounganisha simu kwa waifai, ile setingi yake ilivyokuja ni kuwa ukiwa kwa waifai ishushe kila kitu, picha, sauti, video, na inaweka moja kwa moja kwa galari. Wiki ya pili nafungua galari nitafute picha ya kitambulisho changu, nakutana na mtu anachomwa na kundi la watu, katikati ya picha za harusi ya wifi yangu. Sikuibonyeza, sikuiomba. Imejileta yenyewe usiku ikalala na mimi ndani ya simu.

Na X, ile iliyokuwa Twitter, ndio balaa kabisa, pale video inacheza yenyewe ukiwa unapita tu, jicho limeshaona kabla akili haijakataa.

Miezi ya mwanzo kuta za nyumba zilitusaidia. Waifai ya kidaka ilikuwa inafika msanani na kwenye ngazi basi, ukuta mmoja wa matumbawe na ikafa, watoto wakawa wanajazana ngazini kama kuku. Mimi kwa ujinga wangu nikaona nawaonea huruma, nikanunua ripita kwa duka moja pale Langoni, 2,200, nikaichomeka juu, ikafika mpaka vyumba vya kulala. Nikajiona mama mzuri.

Wiki tatu baadaye mwanangu wa kati, ana miaka kumi na miwili, akaacha kula nyama. Nikadhani ni utoto. Kisha akawa hataki kwenda chooni usiku peke yake, mtoto aliyekuwa anatembea mpaka Shela na wenzake akirudi magharibi. Ni bibi yake aliyeng'amua, akaniita asubuhi moja, "Ndoo wone, mwana huyu yuna nini?" Nikamkuta chini ya chandarua, simu iko tumboni, macho mekundu. Haikuwa amelia. Alikuwa hajalala. Kuuliza kwa mahaba, kuuliza kwa ukali, mwisho akanipa simu bila neno. Sitaelezea kilichokuwamo. Ilikuwa ni watu wanafanyiwa mambo, nchi sijui ipi, lugha siijui, na chini yake watu wameweka vichekesho. Alichoniambia ndicho kimenikaa: "Mama ya kwanza sikuitafuta, niliona tu ikaja, nikaangalia mpaka mwisho kwa sababu nilitaka nione kama yule mtu atapona."

Hakupona. Na kwa sababu aliangalia mpaka mwisho, ule mtambo unaochagua video za kumletea mtu ukaona huyu amependa, ukamletea nyengine. Mtambo haujui tofauti ya mtu aliyependa na mtu aliyeganda kwa hofu, wote wawili wametulia juu ya video, kwao ni sawa. TV haikuwahi kumtazama mwanangu. TV inasema kwa wote sawasawa, ukitoka ukaenda kujisaidia haijui. Hii ya mkononi inakuangalia wewe unavyoiangalia.

Nilijaribu mwenyewe nikahakikisha, kwa simu yangu, usiku wakiwa wamelala. Nikakaa kwa video moja ya ajali ya matatu, nikairudia mara mbili, nikaendelea kuskroli. Msichana anapaka wanja. Mapishi ya viazi karai. Ajali. Tangazo la sabuni. Ajali, hii mbaya zaidi. Mtu anasoma Qur'ani sauti nzuri. Ajali. Haikufika nusu saa. Na hakuna hali ya anga mwisho wake, manake haina mwisho, kidole ndicho kinachochoka.

Nikamhadithia mzee wa nyumba, mume wangu, aliporudi kutoka Mombasa. Yeye ni mtu wa baraza, jioni anapitisha na wenzake kwa kahawa pale karibu na Mkunguni, wana maoni ya dunia nzima. Akaniambia nisiilaumu simu, TV inatuchagulia cha kuona, na anayechagua ana bwana wake. Akanikumbusha Juni 25, 2025, Mamlaka ilipoamuru stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja na nyengine zikazimwa mitambo, mpaka mahakama ikaisimamisha ile amri, siku ile nzima tuliokuwa twataka kujua twalijua kwa simu. Akanikumbusha Gaza, kwamba bila ya watu wa kule kujipiga video wenyewe na simu zao tungekuwa twasikia hesabu tu kila jioni. Kweli. Sina jibu la kumshinda hapo. Mimi mwenyewe ziko picha za Gaza nimeziangalia kwa makusudi, kwa sababu niliona kufumba macho ni kuwatupa. Lakini hiyo ni mimi, mtu mzima, nimeamua, nimekaa, nimetia niya. Tofauti na mtoto anayetafuta magoli ya jana.

Na tena nikamkumbusha yeye la 2019, yule jamaa wa New Zealand aliyeingia misikitini Ijumaa ya Machi 15, akaua watu 51 huku anajionyesha moja kwa moja kwa Facebook dakika 17. Facebook wenyewe walisema waliotazama wakati inaendelea hawakufika hata 200. Mtu wa kwanza kuiripoti aliripoti dakika 29 baada ya kuanza, yaani imeshakwisha kitambo. Halafu ndani ya saa 24 wakawa wanafuta kopi milioni 1.5. Milioni moja na nusu! Hizo si za muuaji, muuaji alirusha moja. Hizo ni za watu kama sisi, na moja ilikuja mpaka Lamu, mume wangu aliipata kwa grupu la msikiti kabla ya alasiri, wenye nia njema, wametuma na innalillahi juu yake. Kwa TV jioni nliona milango ya msikiti, maua, polisi, mama wa watu analia. Sikuona mtu akipigwa risasi na nikaelewa msiba wote. Yeye aliyeona yote hakuelewa zaidi yangu, alipata tu kitu cha kumwamsha usiku. Hapo alinyamaza akaomba chai.

Sitaki pia niifanye TV malaika. TV ikipata klipu moja ya bomu inaizungusha siku nzima mpaka ukadhani limelipuka mara arobaini. Kuna utafiti ulifanywa Marekani baada ya yale mabomu ya marathoni ya Boston ya 2013, wakakuta watu waliokaa na habari za lile tukio saa sita au zaidi kwa siku katika ile wiki, TV, redio, mtandao, vyote pamoja, walikuwa na wahaka mkali kuliko hata waliokuwa palepale bomu lilipolipuka. Kwa hiyo hata rimoti ya nailoni inaweza kukudhuru ukiacha iwake tu. Ila saa sita mbele ya TV msanani kila mtu anakuona, atakuja mtu akwambie wewe huna kazi? Saa sita chini ya chandarua, spika ziko masikioni, hakuna anayejua.

Kitu chengine. Nilikuwa nadhani huko mtandaoni hakuna mtu katikati kabisa. Kumbe wako, na wengine wako hapahapa Nairobi, vijana wetu waliokuwa wakilipwa kukaa kutwa kuangalia yale yanayoripotiwa ili wayafute. Mwaka 2024 ikatoka kwa kesi yao mahakamani kwamba zaidi ya 140 walipopimwa na daktari walikutwa na ugonjwa wa akili wa kiwewe. Nlisoma hiyo nikaweka simu chini. Mhariri wa TV anaona kabla yetu, akikataa sisi hatuoni. Hawa wanaletewa baada ya mtu fulani kushaumia na kubonyeza ripoti, na kisha wanaumia wao. Yaani yule mtoto chini ya chandarua ndiye mhariri wa kwanza, bila mshahara.

Haya, niliyofanya, kwa mnaotaka kuweka waifai hii au yoyote.

Ya kwanza na ya haraka, WhatsApp, ingia setingi, hifadhi na data, kushusha midia, toa tiki zote kwa data na kwa waifai. Fanyeni leo, hata hamna watoto. X na Facebook zina setingi ya video zisijichezeshe, iko imefichwa ndani lakini iko. TikTok ina ile ya mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto, nimeiweka, na nikamwonyesha mwanangu pale pa kubonyeza kwa muda mrefu useme hii siitaki, akaibonyeza kwa hasira kama anaua mbu. Na rauta yenyewe, kijana mmoja wa mtaani alinibadilishia DNS, ile anwani rauta inayoiuliza saiti ziko wapi, akaweka 1.1.1.3, hiyo inazuia saiti za uchafu na za virusi, mia tatu nilimpa. Lakini msidanganyike, haizuii mauaji, na haijui kilichoko ndani ya TikTok, inaona mlango tu.

Niliwapigia pia kampuni kuuliza kama wana njia ya kuchuja upande wao. Msichana akanisikiliza vizuri kabisa, akaniweka kwa muziki, akarudi akanambia, "Mama, sisi twauza spidi." Akanipendekezea nipande kwa ile ya ishirini, kwa nyongeza ya elfu moja tu.

Hapo ndipo nyota moja ilipoondoka. Dikoda ya 2015, wakati wa kuhamia dijitali, nilipoinunua, ilikuja na karatasi ya kueleza namba ya siri ya wazazi, na mwenye duka akanionyesha kuiweka kabla hajaifunga kwa karatasi. Nyinyi mwaleta dunia nzima nyumbani kwa mtu, fundi anakunywa maji anaondoka, hata karatasi moja? Andikeni mistari mitano tu, WhatsApp fanya hivi, watoto fanya hivi. Haiwagharimu kitu.

Mwanangu anaendelea vizuri, tulimpeleka kwa mtu wa kuzungumza naye, nyama ameanza kula, ya kusaga kwanza. Chooni bado anaimba akienda. Ripita nimeing'oa. Waifai iko msanani na ngazini tu, anayetaka ashuke chini akae na bibi yake anayevuta tasbihi na kuchungulia kila skrini inayowaka, na hana haya ya kuuliza, "Hicho ni kitu gani, nionyeshe." Mzee wa nyumba mwenyewe amelalamika kwamba kitandani hapati neti. Nimemwambia ukuta si wangu, ni wa babake.

Kwa hivo nyota tatu. Spidi nne, huduma ya simu nne, kirihani sifuri.

Na hiyo ripita bado iko, imetumika miezi miwili, haina kasoro, boksi lake lipo. Anayeitaka na hana watoto nyumbani aje, 1,500, twaongea.